Baada ya kengele ya mwisho: mwongozo kamili wa malezi na shughuli za jioni shuleni

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, zisizozidi tisa kwa siku. Mama wa Dar es Salaam anayefanya kazi kiwandani Ubungo na kuishi Chanika akitoka kazini saa kumi na moja, anafika kwake giza limeshaingia. Mwanawe wa darasa la pili alishamaliza masomo mchana. Saa zote hizo katikati mtoto yuko wapi? Akiwa na bahati yuko na bibi au dada wa kazi. Asipokuwa nayo, yuko kwa jirani ambaye naye ana shughuli zake, yuko barabarani, au ameketi kwenye ngazi za darasa na begi mapajani.

Zamani baadhi ya wazazi waliziba pengo hilo kwa kumpeleka mtoto bweni angali mdogo. Machi 2023 wizara ya elimu Tanzania ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, na mimi naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote: mtoto wa miaka sita anahitaji kulala nyumbani kwao. Lakini pengo la mchana halikufungwa na waraka. Mahali panapofaa kulifunga ni shuleni penyewe, maana uzio upo, vyoo vipo, kivuli kipo, na watu wanaomjua mtoto kwa jina wapo.

Mwongozo huu ni kwa kamati za shule, walimu wakuu na wazazi wa shule za msingi za kutwa Tanzania, za serikali na za binafsi. Wasomaji wa Kenya watakuta mengi yanafanana, ila kwao saa zimeandikwa wazi: Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinataka vipindi viishe saa tisa na nusu, na shughuli za nje ya darasa ziende hadi saa kumi na dakika 45.

Nina msimamo mmoja, nao ndio uliopanga hatua zote hapa chini. Shule nyingi zikitaka kuanzisha jambo hili huanza na orodha ya klabu: karate, muziki, kompyuta. Anza upande wa pili. Panga kwanza namna mtoto atakavyotoka getini, kisha nani atakaa naye, kisha atakula nini. Klabu zije mwisho.

Hatua ya kwanza: jua nani anabaki, na kwa nini

Kwa wiki moja mtu akae getini kuanzia kengele ya darasa la kwanza hadi mtoto wa mwisho aondoke. Aandike jina, darasa, saa aliyoondoka na aliyemchukua. Daftari hilo litawaambia mambo ambayo hayasemwi kwenye mkutano wa wazazi. Mtaona watoto wa darasa la kwanza wanaosubiri dada zao wa darasa la sita wamalize vipindi. Mtaona wanaochukuliwa na bodaboda tofauti kila siku. Mtaona pia wanaojifanya wameondoka na kurudi kwa nyuma, kwa sababu nyumbani pamefungwa.

Baada ya hapo peleka fomu fupi nyumbani. Uliza saa mzazi anayorudi, nani yupo nyumbani mchana, mtoto anafikaje shule, ana ugonjwa gani unaohitaji uangalizi, na kama ana chuo cha Kurani au mafundisho ya dini jioni. Swali hili la mwisho lisisahaulike. Pwani yote, kuanzia Tanga hadi Mtwara na Visiwani, sehemu kubwa ya watoto wa Kiislamu huenda madrasa mchana au jioni, na programu inayogongana na madrasa itawakosa watoto hao au itawagombanisha wazazi wao na ustadhi. Nenda mkaongee na ustadhi. Mara nyingi inawezekana mtoto akala na kupumzika shuleni, kisha mlezi akawavusha barabara kwa kundi hadi madrasa na kuwakabidhi huko kwa majina. Kwa Wasabato, shughuli za Ijumaa ziishe mapema kabla jua halijazama, na Jumamosi msiwatarajie.

Shule zenye mikupuo miwili zina sura nyingine kabisa. Watoto wanaoingia mchana wanahitaji malezi asubuhi, wakati madarasa yote yamejaa. Hapo msikimbilie kujenga. Tazameni ukumbi wa ofisi ya mtaa, wa kanisa au wa msikiti ulio jirani na shule, ambao asubuhi za siku za kazi aghalabu huwa mtupu.

Hatua ya pili: kibali na karatasi

Kwa shule ya serikali njia ni hii: mwalimu mkuu apeleke pendekezo kwenye kamati ya shule, kamati iitishe mkutano wa wazazi, muhtasari uliosainiwa uende kwa Afisa Elimu Kata na kutoka hapo halmashauri. Msiruke mkutano wa wazazi. Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipoleta elimu bila malipo, na hasa baada ya Rais John Magufuli kupiga marufuku michango shuleni Januari 2018, fedha yoyote inayotoka kwa mzazi kwenda shule ya umma inatazamwa kwa jicho kali, na ni haki itazamwe hivyo. Kwa hiyo muhtasari useme kwa maneno yasiyo na utata kwamba kushiriki ni hiari, kwamba hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani au kunyimwa somo kwa kuwa mzazi wake hakuchangia, na kwamba hakuna mada ya mtaala itakayofundishwa jioni peke yake.

Sentensi hiyo ya mwisho inahusu tuisheni. Kila mzazi anajua hadithi ya mwalimu anayefundisha nusu asubuhi na kumalizia jioni kwa wanaolipa. Programu ya malezi ikigeuka tuisheni, mtoto maskini ameporwa somo lake la asubuhi, na mtoto wa mwenye uwezo ameporwa mchezo wake wa jioni.

Shule za binafsi zina njia fupi zaidi, yaani uamuzi wa mwenye shule au bodi, lakini nazo ziandike masharti na kuwapa wazazi nakala. Wote wawili, serikali na binafsi, mjulisheni mtendaji wa mtaa na polisi wa kata kwamba kuna watoto shuleni hadi jioni. Na kwa kuwa mtakusanya picha, namba za simu na habari za afya, kumbukeni kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: fomu zifungiwe kabatini, na picha za watoto zisirushwe kwenye kundi la WhatsApp bila ruhusa ya maandishi ya mzazi.

Hatua ya tatu: getini

Hapa ndipo ninapoomba msome taratibu.

Kila mtoto awe na kadi moja ya usajili yenye picha yake, na chini yake majina ya watu wasiozidi watatu wanaoruhusiwa kumchukua, simu zao na picha zao. Mtu ambaye hayumo hamchukui mtoto, hata akiwa mjomba wa kweli, hata akiwa amevaa suti, hata mtoto akimrukia kwa furaha. Mzazi akitaka kutuma mtu mwingine siku hiyo, apige simu mwenyewe kwa namba iliyo kwenye kadi na ataje neno la siri alilolichagua siku ya usajili. Ujumbe wa maandishi hautoshi, maana simu huibwa na huazimwa.

Bodaboda na bajaji ziko kwenye maisha ya watoto wetu, hatuwezi kujifanya hazipo. Dereva anayemchukua mtoto kila siku aandikwe kwenye kadi kama mtu mwingine yeyote: jina kamili, picha, kitambulisho, namba ya chombo. Asipakie watoto zaidi ya mmoja kwenye pikipiki, na mtoto asiondoke bila kofia ngumu inayomkaa. Najua sharti hili litaleta malalamiko wiki ya kwanza. Shikilieni.

Wale wakubwa wa darasa la tano na kuendelea wanaopanda daladala peke yao wapewe ruhusa ya mzazi kwa maandishi, watoke kwa makundi ya njia moja, na watoke mapema. Wakichelewa hadi watu wazima wajae vituoni, kondakta atawaacha kwa sababu ya nauli ndogo ya mwanafunzi, na hapo mtakuwa mmewatoa shuleni salama na kuwaweka gizani. Mwezi Juni jua la Dar es Salaam huzama kama saa kumi na mbili na robo. Februari husogea hadi karibu saa moja kasoro robo. Mtoto anayejitegemea aondoke saa kumi na nusu, si zaidi. Wanaochukuliwa wafungiwe kikomo cha saa kumi na moja na nusu.

Mzazi asipotokea je? Andikeni ngazi hizi na kuzibandika ofisini. Dakika 15 baada ya kikomo, mlezi anapiga simu kwa mzazi. Dakika 30, anapiga kwa wengine wawili walio kwenye kadi na kumjulisha mratibu. Ikipita saa nzima bila jibu, mratibu anampigia mtendaji wa mtaa, na ikibidi Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Muda wote huo mtoto yuko shuleni na watu wazima wawili. Mlezi hamchukui mtoto kwenda naye nyumbani kwake, hata kwa nia njema kabisa. Nia njema haionekani kwa nje, na siku itakapotumiwa na mtu mbaya hamtaweza kuitofautisha.

Mambo mawili magumu hutokea hapa na ni vizuri kuyaamua kabla. La kwanza ni wazazi waliotengana. Shule haina mamlaka ya kuamua nani ana haki. Fuateni amri ya mahakama ikiwepo nakala yake, na isipokuwepo, wapelekeni kwa Afisa Ustawi wa Jamii badala ya kusuluhisha getini mtoto akitazama. La pili ni anayekuja kumchukua mtoto akiwa amelewa. Mwambieni kwa upole akae kivulini, piga simu kwa mtu wa pili kwenye kadi, na msimkabidhi.

Kuhusu faini za kuchelewa, mimi sizipendi mwanzoni. Mzazi aliyechelewa mara kwa mara mwiteni mkae naye. Huenda zamu yake kazini imebadilika na mnahitaji kumtafutia jirani wa kumchukulia mtoto. Faini humfanya aone kwamba amenunua muda, na atachelewa zaidi kwa amani.

Hatua ya nne: nani atakaa nao

Msimlazimishe mwalimu aliyefundisha darasa la watoto zaidi ya sabini tangu asubuhi abaki hadi jioni. Atabaki kwa mwili tu. Mwalimu mmoja awe mratibu kwa zamu ya wiki, kwa posho inayojulikana, na walezi watoke nje ya orodha ya walimu: mwalimu mstaafu wa mtaani, mwanachuo wa ualimu, kiongozi wa skauti, mama ambaye watoto wake wamekua na majirani wote wanamwamini.

Kuaminiwa na majirani ni mwanzo tu. Kila mlezi, awe mwanamke au mwanamume, awe ndugu wa mwalimu mkuu au la, alete barua ya serikali ya mtaa, majina ya wadhamini wawili mtakaowapigia simu kwa kweli, na hati ya polisi ya kuonyesha hana rekodi ya uhalifu, ambayo hutolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Hati hiyo haimsafishi mtu kwa mambo ambayo hayajawahi kuripotiwa, kwa hiyo sharti la pili lina uzito kuliko karatasi zote: mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Mlango wa darasa unabaki wazi. Mtoto mdogo akipelekwa chooni, mlezi anasubiri nje na mwenzake anajua wamekwenda.

Kwa idadi, mimi nashauri mlezi mmoja kwa watoto 10 hadi 12 wa awali na darasa la kwanza, na mmoja kwa 20 wa madarasa ya juu. Wasipungue walezi wawili hata watoto wakiwa watano.

Fimbo ikae mbali kabisa. Kanuni za viboko zilizopo zinampa mamlaka mwalimu mkuu na yule tu aliyemkasimisha kwa maandishi. Mlezi wa jioni hana ruhusa hiyo hata chembe, na haihitaji. Mtoto aliyepigana amechoka au ana njaa. Mkalisheni, mpeni maji, ongeeni naye baadaye.

Wafundisheni walezi namna ya kusikiliza mtoto anapofichua jambo. Asiulizwe maswali ya kumchimba, asiahidiwe siri, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, na mratibu ajulishwe siku hiyohiyo. Namba 116 ni huduma ya simu kwa mtoto, ya bure, na inafanya kazi Tanzania na Kenya. Iandikeni ukutani kwa rangi kubwa, mahali ambapo watoto wenyewe wanaisoma.

Hatua ya tano: tumbo, maji, choo, dawa

Mtoto mwenye njaa hachezi. Uji wa lishe wa saa tisa ni wa lazima. Siku nyingine viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha au mahindi. Mkiweka karanga kwenye uji, fomu ziwe zimeuliza nani zinamdhuru. Chakula cha mchana kwa wanaomaliza mapema kibaki kwenye mpango wa kawaida wa shule au kitoke nyumbani. Mkimtumia mama lishe, awe amepimwa afya na apike hapo shuleni mkiona.

Vyoo: ulizeni nani ana ufunguo baada ya saa tisa. Shule nyingi huvifunga mwenye usafi anapoondoka, na jambo dogo hilo huwafanya wasichana wakubwa waache kuja. Miongozo ya shule Tanzania inataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwa kundi la jioni mnaweza kuifikia hata kama asubuhi hamfikii. Maji ya kunawa na sabuni viwepo hadi mtoto wa mwisho.

Mlezi asimpe mtoto dawa yoyote, hata panadoli, bila maandishi ya mzazi. Watoto wenye selimundu (sickle cell) waachwe wanywe maji kila wanapotaka, wasikimbizwe hadi wachoke, wasiachwe wakilowa mvua. Maumivu makali au homa ni safari ya hospitali mara moja. Mwenye pumu awe na kipuliza chake karibu, siyo kwenye begi lililofungiwa darasani. Kwa kifafa, walezi wote wajue kumlaza ubavu, kuondoa vitu vigumu karibu yake na kutomtia kitu mdomoni.

Hatua ya sita: saa za mchana zilivyo

Chukua shule ambayo wadogo hutoka saa sita na nusu na wakubwa saa tisa. Saa sita na nusu wadogo wananawa, wanakula, na saa saba na nusu wanalala kwenye mikeka ndani ya darasa lenye hewa. Ndiyo, kulala. Mtoto wa awali aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari amechoka kuliko sisi, na hapana klabu itakayomfaa kabla hajapumzika. Asiyelala apewe kitabu cha picha na akae kimya.

Saa nane na nusu hadi tisa ni hadithi chini ya mti. Jua bado kali, kiwanja kisubiri. Saa tisa wakubwa wanaingia, wote wanaitwa majina upya, uji unagawiwa. Kuanzia saa tisa na nusu ni nusu saa ya kazi za nyumbani, isizidi, na kazi ya mlezi ni kuwasaidia waanze, si kuwafanyia. Saa kumi klabu. Saa kumi na nusu wanaojitegemea wanaondoka. Saa kumi na moja ni mchezo huru wa watoto wenyewe, kufagia na kukusanya mabegi, huku wazazi wakianza kufika.

Mwezi wa Ramadhani ratiba yote ibadilike: watoto wengi wakubwa wanafunga, michezo ya kukimbia ipungue, uji uwepo kwa wasiofunga bila kuwatangaza, na kikomo kirudi nyuma ili wafike nyumbani kabla ya futari. Masika nayo, Machi hadi Mei, yana sheria zake. Mvua kubwa ikianza na mabonde yakajaa, mtoto habanduki shuleni hadi aliye kwenye kadi afike, na muwe na taa ya sola na unga wa ziada stoo kwa siku kama hiyo.

Hatua ya saba: shughuli

Sasa tumefika kwenye raha yenyewe. Chagueni chache, mbili au tatu kwa muhula, na kila moja iwe na mtu anayeipenda kwa dhati. Mwalimu anayependa bao atawafundisha watoto hesabu nyingi zaidi ya aliyepangiwa klabu ya hesabu.

Michezo yetu ya mtaani ianze kabla ya yote: rede, mdako, kombolela, kuruka kamba, ukuti ukuti kwa wadogo. Haina gharama, inawachanganya wasichana na wavulana, na ina kanuni ambazo watoto hubishana na kuzirekebisha wenyewe. Katika miji yetu viwanja vimekwisha, na kuna watoto wa ghorofani ambao hawajawahi kucheza kombolela jioni hata mara moja. Wapeni hiyo.

Mpira na netiboli zitakuwepo tu, kwa sababu UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania, inakuja kila mwaka na kila shule inataka kupeleka timu. Tahadhari yangu: mazoezi ya timu yawe siku zake, wengine wote wapate mpira siku zilizobaki. Mtoto asiyejua kupiga danadana ndiye mwenye haja zaidi ya kiwanja.

Bustani hufanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Mchicha huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa, kwa hiyo mtoto anaona mwisho wa kazi yake kabla hajaisahau. Mpeni kila mmoja tuta lake dogo na kibao cha jina. Klabu ya mazingira haihitaji vifaa vya ajabu: Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi duniani, ilianza Dar es Salaam mwaka 1991 pale Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipokaa kibarazani kwake na wanafunzi 12 waliotaka kufanya jambo juu ya yale waliyokuwa wakiyaona mitaani kwao.

Kusoma kwa sauti, kila siku, ndiko ninakokupenda kuliko shughuli nyingine zote. Vitabu 30 vya hadithi za Kiswahili kwenye sanduku lenye kufuli, mlezi mwenye sauti nzuri, na mkeka. Mtoto wa darasa la nne amsomee wa awali. Wote wawili wanapata. Shule nyingine zina utajiri wao: Zanzibar na Tanga kuna bibi wanaojua kusuka ukili, Bagamoyo kuna wapiga ngoma na wasanii waliofundishwa hapohapo, kwenye maziwa makuu kuna wavuvi wanaojua kufuma nyavu. Waiteni walipwe kama wataalamu, kwa saa, na jina lao liandikwe kwenye ratiba.

Mtoto mwenye ulemavu aingizwe tangu kupanga. Muulize yeye na mzazi wake anataka kufanya nini, kisha badilisheni mchezo: mpira wenye njegere ndani kwa asiyeona, ishara za mkono badala ya filimbi kwa asiyesikia.

Televisheni isiwe mlezi.

Hatua ya nane: fedha

Hapa kuna mfano wa hesabu, bei badilisheni kwa za kwenu. Watoto 40, siku 20 kwa mwezi. Uji kwa shilingi 500 kwa mtoto ni 400,000. Walezi watatu kwa 10,000 kwa siku ni 600,000. Posho ya mratibu 150,000. Vifaa 60,000. Sabuni, maji na usafi 40,000. Akiba ya dharura 80,000. Jumla 1,330,000. Ukigawa kwa 40 unapata 33,250 kwa mtoto. Lakini msigawe kwa 40. Gawa kwa 35, iwe 38,000 kila mmoja, na nafasi tano ziwe za watoto ambao wazazi wao hawawezi kabisa. Nafasi hizo zipangwe na watu wawili wa kamati kwa siri, na mlezi asijue nani halipi.

Mzazi mwenye kipato cha kila siku, kama muuza mboga, aruhusiwe kulipa kwa wiki. Mwingine anaweza kuleta mkaa, unga au kazi ya mikono, na thamani yake iandikwe. Fedha zote ziingie benki au kwa namba ya malipo ya shule, zenye watia saini wawili. Mwalimu asipokee noti mkononi. Kila mwisho wa mwezi mapato na matumizi yabandikwe ubaoni.

Hatua ya tisa: kuanza

Anzeni na madarasa mawili, awali na la kwanza, kwa mwezi mmoja. Muhula wa kwanza huanza Januari na shule huwa na vurugu za usajili, kwa hiyo Februari ni bora. Siku ya kwanza fanyeni zoezi la getini na wazazi wenyewe: kila mmoja aje na kadi yake, apitie hatua zote. Daftari la mahudhurio liwe na safu nne tu: ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, amechukuliwa na nani, sahihi.

Mwisho wa mwezi angalieni vitu vitatu. Ni watoto wangapi walichukuliwa baada ya kikomo. Ni wangapi waliacha na kwa nini. Na watoto wenyewe wanasemaje wakiulizwa na mtu asiye mlezi wao. Daftari likiwa na nafasi tupu za sahihi, msiongeze darasa jingine hadi hilo lirekebishwe.

Kwa mzazi anayetazama programu ya shule yake

Fika siku moja saa kumi na robo bila kutoa taarifa. Tazama kama kuna anayekuuliza wewe ni nani kabla hujamfikia mtoto. Uliza walezi ni wangapi leo na watoto wangapi; jibu litoke papo hapo. Omba kuona choo. Uliza nini kitatokea ukikwama njiani kwa mafuriko, kama pale bonde la Jangwani Dar es Salaam, na simu imezima. Kisha njiani kurudi usimuulize mtoto amejifunza nini. Muulize amecheza na nani.

Likizo

Likizo ya Juni na ya Desemba wazazi bado wanakwenda kazini, na ofisi za shule huwa zimefungwa. Msiahidi likizo mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili fungueni wiki mbili tu za Juni, asubuhi hadi saa saba mchana, kwa usajili mpya na kadi mpya, maana wakati wa likizo wanaomchukua mtoto hubadilika: shangazi kutoka Singida, binamu aliyemaliza kidato cha nne. Nchini Kenya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, kwa hiyo wiki hizo ziwe za michezo, hadithi na bustani pekee. Tanzania nako fanyeni vivyo hivyo. Mchicha unahitaji kumwagiliwa hata shule ikifungwa, na watoto watakaojiandikisha kwanza wapewe zamu hiyo.